Aliyeihoji Programu Ikiwa Kazini

Ofisini walimwita Mpelelezi, naye jina hilo alilipokea kama cheo. Wenzake waliandika programu, wakaiwasha, wakaomba heri. Yeye aliihoji ikiwa kazini. Wewe ni nani? Umebeba nini? Unadai nini ili utende? Programu ile, iliyolinda majokofu ya benki ya damu, ilimjibu bila kumung'unya maneno, na juu ya majibu hayo alijenga kipande alichokipenda kuliko vyote: mgawaji, aliyeiuliza kila fankisheni, yaani kila kipande cha programu chenye kazi yake, inadai nini, kisha akaipa hicho tu. Fankisheni ya kengele ilidai joto la jokofu. Ilipewa.

Mdogo wake wa kiume alijifunza kazi kwake, na ni Mpelelezi aliyemwombea kiti katika chumba kile kile.

Asubuhi moja damu ya jokofu la dirishani ilikutwa imeharibika. Kengele haikulia. Mkuu wa benki aliwasimamisha wote wawili mbele ya kompyuta.

"Kengele ni yako, Mpelelezi. Nipe sababu ya kukubakiza hapa."

"Ni ya Dada, ndiyo," mdogo wake akadakia. "Mimi niliongeza kipima kasi tu, cha kuona inafanya kazi upesi kiasi gani. Sikuigusa."

"Hukuigusa, uliivisha," Mpelelezi akamjibu, na kuandika swali lake la siku zote: kengele, wewe ni nani?

Kioo cha kompyuta kikajibu: kipima kasi. Unadai nini? Chochote.

"Umeona, Mkuu? Ameifunika kengele kwa joho la kipima kasi, akasahau kuliandikia joho jina na madai ya aliyemo ndani. Mgawaji akiambiwa 'chochote', atoe nini? Hatoi kitu."

Mkuu alikuna kidevu. "Sasa kama haikupewa joto, mbona haikugoma? Fankisheni yenye njaa si hupiga kelele?"

Mpelelezi aligeukia tena kompyuta. Swali lilikuwa zuri mno.

"Dada, yaishe," mdogo wake alinong'ona. "Fikiria Mama."

Mpelelezi alidhani mdogo wake anajiombea mwenyewe, na hasira zikampanda. Alilifungua joho, akaifikia fankisheni halisi iliyoshikiliwa humo, akaiamuru ijieleze. Ikajieleza: joto, lisipotolewa, chukua nne.

Nyuzi nne ndizo joto la damu salama. Mpelelezi aliiweka hiyo nne kwa mkono wake wakati wa majaribio, ili kengele isiwasumbue, akaapa kuiondoa. Kumbe tangu joho livalishwe, kengele ilikuwa haiambiwi kitu, inajichukulia nne, inalala fofofo.

"Hiyo nne ni ya nani?" Mkuu aliuliza.

"Yangu."

"Joho ni lake, nne ni yako. Joho peke yake lingeleta makelele tu. Nne ndiyo iliyonyamaza." Akafunga kalamu yake. "Wewe nenda. Yeye abaki, sina mwingine anayeijua programu hii."

Mdogo wake alimbebea sanduku hadi getini, mpole kama mtu wa mazishini.

"Nilikuambia yaishe."

"Uliiona ile nne?"

"Siku nilipoivisha joho."

"Ukanyamaza, mdogo wangu?"

"Wewe huwa unaiuliza mashine, Dada," alisema, akimkabidhi sanduku. "Mimi hukuwahi kuniuliza kitu."

Kikulacho ki nguoni mwako, alitaka kumwambia. Lakini nguo alikuwa ameishona mwenyewe. Akalipokea sanduku.