Kitambaa Chekundu cha Mwalimu Celina

Nthiga wa Kanja alikuwa fundi wa kompyuta mwenye maneno mengi. Mteja akilalamika kwamba mashine yake inajikokota, alimwambia prosesa ni kama ng'ombe wa maziwa, usiilaumu kabla hujakagua zizi.

Siku Mwalimu Celina alipomwita nyumbani, maneno yalimpungua. Alivaa shati la kanisani. Mwezi uliofuata wazee wake wangekwenda kumposa Wanja, binti wa Mwalimu, na kijiji kizima cha Kanja kilijua kwamba katika boma lile Mwalimu ndiye mwenye neno la mwisho. Hapo hapakuwa na nafasi ya kukosea.

Mwalimu alikuwa amestaafu, na sasa alizichapia shule za jirani mitihani ya majaribio.

"Hii kompyuta imezeeka kuliko mimi," alisema. "Naandika swali, inakuja nikishasahau jibu."

Sebuleni mle kila kitu kilivishwa kitambaa alichofuma mwenyewe: viti, redio, hata jagi la maji. Kasha la kompyuta lilivaa kikubwa kuliko vyote, chekundu, kizito, mpaka sakafuni.

Nthiga alikiondoa kwa adabu, akafungua kasha. Vumbi lilitosha kupanda viazi. Akalipuliza, akasugua feni kwa mswaki, akafuta krimu ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya, akazima programu zilizojiwasha bila kuitwa. Mashine ikawa nyepesi ajabu. Mwalimu akatabasamu, akainuka, akaivisha kitambaa chake.

Dakika kumi hazikuisha, ikaanza kujikokota tena. Nthiga akatazama kipimo cha joto: nyuzi tisini na tano. Prosesa ilikuwa imepunguza mwendo yenyewe isije ikaungua. Ugonjwa aliuona wazi, ila kuutaja mbele ya mama mkwe, aliyeufuma kwa mikono yake, kulimtia hofu ya kweli.

"Mwalimu, hii kitambaa ni smart sana, si ya kukaa chini. Nipatie nipelekee mama."

"Mama yako nilimfumia yake. Ya kijani."

"Basi tuweke kwa ukuta, wageni waone."

"Kwa ukuta kuna kalenda."

"Labda ni stima ya huku. Iko chini."

Mwalimu akavua miwani. "Nthiga. Paka yangu inalala juu ya hiyo kitu tangu July. Unafikiri sijui iko na moto?"

Wanja, aliyekuwa mlangoni na sinia ya chai, akauma mdomo asicheke.

"Fundi wa Embu aliogopa kuniambia, akaniuzia memory mpya. Wewe umenizungusha mara tatu. Nataka kujua kama napatia msichana wangu mtu ako na mdomo."

Nthiga akakigusa kitambaa. "Ni kitambaa, Mwalimu. Inaziba hewa."

"Haya. Umepita, lakini na marks kidogo." Akakivua, akakikunja, akamwekea mapajani. "Ambia wazee wako waje. Siku hiyo utavaa hii kwa mabega. Mtu akiuliza ni ya nini, umweleze yote."

Wazee walikuja, na Nthiga alikuwa amekivaa. Waliuliza wote, mmoja mmoja.