Kuku wa Pasaka na Mwiko wa Mama

Harufu ya manyoya ya kuku yaliyomwagiwa maji moto haipendezi, sitawadanganya. Binti yangu Makena huziba pua na kukimbilia nje. Mimi huivuta taratibu, na kabla sijajua nimesharudi Majengo, Meru, nina miaka tisa, nimechuchumaa kando ya karai, na mama ananikaripia nisichune ngozi pamoja na manyoya.

Tulipanga chumba kimoja katika ploti ya vyumba vinane na mfereji mmoja. Sisi tulikuwa watu wa kutoka Nkubu, watu wa kahawa na kanisa. Mama aliuza ndizi na mboga sokoni. Baba alikuwa mlinzi huko Embu, na siku ambazo wenzake walipumzika ndizo zilizokuwa zake za kazi, kwa hiyo sikukuu nyingi tulizila bila yeye.

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa Bi Rukia. Alikuwa mjane, mnene, na kicheko chake kilimtangulia kutoka nje. Babu yake alifika Meru na misafara ya biashara kutoka pwani, akaoa Mmeru, asirudi tena. Bi Rukia aliswali kwa Kiarabu, akapatana bei ya maziwa na mama wa Kiborana kwa Kiborana, na akikasirika alikasirika kwa Kimeru kitamu kuliko cha mama. Jambo hilo lilinisumbua sana. Siku moja nilimuuliza kwao ni wapi hasa.

"Mwari," akaniambia akikinga maji, "kwetu ni hapa kwa mfereji. Wewe je?"

Nikashika ndoo yangu nikaondoka.

Kila Ramadhani, jua lilipozama, ilikuja kwetu sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, imejaa viazi karai, au tambi zenye iliki, au kaimati zinazonata vidole. Sahani hiyo haikurudi tupu hata siku moja. Mama aliirudisha na ndizi mbivu, au maharagwe meusi ya njahi, au parachichi kutoka shambani kwa nyanya. Hakuna aliyenieleza kwamba hiyo ilikuwa sheria. Niliijua tu, jinsi mtoto anavyojua mahali sukari inapofichwa.

Zikifika Krismasi na Pasaka, zamu ikawa yetu. Tulipika kuku, na kuku wetu hakuchinjiwa nyumbani. Nilimbeba kwapani, nikapita milango yote hadi kwenye bucha ya Mzee Juma karibu na msikiti. Alimgeuza kuelekea kibla, akatamka jina la Mungu, akapitisha kisu mara moja, akanirudishia ndani ya gazeti. Baba alinung'unika kila alipokuwepo.

"Mimi mwanaume mzima, kisu ninacho, na kuku ni yangu."

"Kuku ni yako," mama alimjibu, "lakini jirani ni wangu."

Maana kipande cha kwanza kilikuwa cha Bi Rukia. Kilitoka kikifuka moshi, kabla sisi hatujalamba hata mchuzi.

Sasa mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza. Nilitaka kujua yale maneno ya Mzee Juma yaliingia wapi. Yalibaki kwenye kisu? Yaliingia kwenye nyama? Yalikuwa na ladha? Nilikuwa nikitafuna paja polepole, macho nimefumba, nikiyatafuta. Nilipomuuliza mama, aliniambia nile ninyamaze.

Pasaka moja nilifika buchani nikakuta mlango umefungwa. Mzee Juma alikuwa amekwenda kuzika Isiolo. Ningeweza kuuliza msikitini, wachinjaji hawakukosekana Majengo, lakini niliwaogopa wale wazee wenye kofia. Nikiwa nimesimama pale na kuku wangu, akatokea mjomba Mutwiri, kaka yake mama, ameshuka kutoka Tigania na mkungu wa ndizi begani.

"Leta hapa," akasema. "Kuku ni kuku."

Alimchinja nyuma ya bafu la ploti, dakika moja, huku akipiga mluzi. Kisha akaenda stendi kusalimia marafiki. Na mimi, wasomaji wangu, ningeweza kusema. Mama aliponiuliza, "Kuku imechinjwa?" nilijibu, "Ndiyo." Alikuwa ameinamia jiko, hakuuliza na nani. Sikunyamaza kwa uoga peke yake. Nilinyamaza kwa sababu ilinijia kwamba hatimaye nitapata jibu. Kama maneno yana ladha, Bi Rukia ataikosa. Nilichotakiwa kufanya ni kumtazama tu.

Nikampelekea sahani ile ile ya buluu, ina paja, kidari na wali. Badala ya kugeuka nikaketi kizingitini. Alitandika mkeka, akanawa mikono, akaikunja mikono ya gauni.

"Mbona unanitazama hivyo? Hujakula?"

"Nitakula."

"Mama yako Mungu amweke," akasema, akisogeza sahani. "Miaka yote hii hajanilisha kitu cha kunitia shaka."

Akasema bismillahi. Nikaona vidole vyake vinashika lile paja, vinalinyanyua. Udadisi wote ulinitoka. Nikaruka nikaushika mkono wake kwa mikono yangu miwili, mchuzi ukatumwagikia sote.

"Usikule! Mzee Juma hayuko! Ni anko alichinja, na mama hajui!"

Bi Rukia aliirudisha nyama kwenye sahani, akajifuta vidole kimoja kimoja. Nilikuwa ninalia kwa sauti sasa.

"Na kwa nini ulinyamaza?"

"Nilitaka kuona kama utajua."

Nilitegemea kofi.

"Mimi ningejuaje, mwari? Sina ulimi wa kupima nyama. Nina mama yako tu."

Akahamishia chakula kwenye bakuli, akampelekea jirani wa chumba cha mwisho, Mkristo kama sisi, maana kwake chakula hakikutupwa. Akaiosha sahani, akaijaza mahamri ya asubuhi, akaniosha na uso. "Nenda nayo," akasema. "Na huo mdomo uufunge kidogo."

Nilipoingia nyumbani mjomba alikuwa tayari mezani, anatafuna shingo. Mama hakuniangalia. Alitazama mahamri, akasimama, akajitupia leso mabegani akasema anaenda kuomba chumvi. Alitoka na mwiko mkononi. Chumvi ilikuwa hapo mezani, kopo zima. Alikaa huko hadi chai ikapoa, akarudi bila chumvi na bila mwiko. Siku mbili tulikoroga uji kwa kijiko, na siku ya tatu mwiko ukarudi juu ya sahani ya viazi karai. Nilijiuliza sana kuhusu mwiko ule, lakini mwenye siri haulizi maswali mengi.

Nilibeba siri hiyo hata baada ya kuolewa. Krismasi iliyofuata mama alinipa mimi tena kuku nimpeleke, na kila sikukuu baada ya hapo, na kila mara nilijisemea: ananiamini kwa sababu hajui. Bi Rukia alipofariki, mama alikaa na wanawake wa Majengo siku zote za matanga, leso kichwani, nami nikamwonea aibu kwa lile ninalojua mimi.

Pasaka iliyopita mama alikuja kwangu Kinoru. Amezeeka, lakini karai hampi mtu. Alikuwa akinyonyoa kuku ambaye Makena alitoka kumpeleka kwa mchinjaji Mwislamu, nami harufu ikanishinda, nikamwambia yote, pale pale, mbele ya mtoto aliyeziba pua mlangoni.

Mama hakuacha kunyonyoa. "Njia ya mwongo ni fupi, Kendi. Mutwiri alijisifu mezani wewe ukiwa bado kwa Rukia."

"Ulijua?"

"Nilienda kwake nikilia. Nikamwambia, Rukia, nimekulisha haramu. Akacheka. Akasema, mtoto wako amenishika mkono." Akapuliza nyoya lililomgandia mdomoni. "Nilikuwa nimebeba mwiko nije nikuchape. Akaninyang'anya akaukalia."

"Na kuku? Mbona ulinituma tena mimi?"

"Ni yeye alisema. Tuma yule yule, aliniambia. Huyo ndiye sitamwogopa tena."

Niliinama kwenye karai nikasingizia mvuke. Miaka yote hiyo nilidhani siri ni yangu, kumbe wanawake wawili walikuwa wameibeba pamoja, na mimi ndani yake.

Chakula kilipoiva nilipakua sahani ya kwanza ya Halima, mwalimu kutoka Isiolo anayekaa ng'ambo ya ua wetu. Makena aliipokea, lakini hakuondoka. Ni mtoto wa kuuliza.

"Mama, kwani Halima atajuaje kama kuku tulimpeleka kweli?"

"Hatajua," nikamwambia. "Ana sisi tu."

Akaitazama sahani, akaishika kwa mikono miwili, akatoka nayo polepole.