Mchanga Katika Damu ya Fundi Jabiri

Usiku ule Chausiku alifagia sebule hata fagio likachoka. Ndivyo alivyo. Wenzake wakipata hofu hulala wakajifunika gubigubi. Yeye hushika fagio. Jioni simu ilikuwa imeita, na mpigaji alikuwa Yasmini, binti mtafiti wa kule hospitali.

"Mama, kesho asubuhi mje wote wawili. Madaktari wanakaa kikao cha Mzee Jabiri. Kama atafanyiwa upasuaji au hafanyiwi, watawaambia wenyewe."

"Nidokeze basi, mwanangu. Neno moja tu."

"Siwezi kwenye simu, mama. Na mimi nitaomba kachupa kengine ka damu."

Usingizi ukaaga pale pale. Chausiku ni mtu wa kupima sauti za watu, na sauti ya Yasmini ilikuwa na uchovu. Sasa, imechoshwa na habari mbaya, au binti hajala tangu mchana? Alilipima jambo hilo mpaka adhana ya alfajiri, na sakafu ikawa inang'aa kama sinia la harusi.

Mumewe, Jabiri, ni mshona kanzu hapo Mwananyamala, na cherehani yake iko sebuleni chini ya dirisha. Ugonjwa ulianzia machoni, yakawa manjano kama binzari. Wakadhani malaria. Shangazi mtu akadhani jini, tena akalitaja na jina. Mwisho picha ikaonyesha uvimbe kwenye kongosho. Chausiku aliishia darasa la saba, na elimu yake ya viungo vya ndani aliipata buchani, ambako hakuna aliyewahi kumuuzia kongosho. Ilibidi daktari amchoree.

Zikaanza dripu za dawa, na kila kabla ya dripu Yasmini alikuja kutoa damu ya utafiti. Jabiri alikubali mwenyewe tangu mwanzo, ila kulalamika hakuacha.

"Binti, damu yote hii mnaifanyia nini? Mnapikia mchuzi?"

Yasmini alicheka, akawaeleza taratibu. Uvimbe hudondosha chembe zake, zikasafiri ndani ya damu. Ni chache mno katikati ya chembe za kawaida, na kazi yake yeye ni kuzitafuta, ili ijulikane kama zinaweza kuwaambia madaktari mapema dawa inafanya kazi au haifanyi.

"Kumbe ni kuchagua mchele wenye mchanga," Chausiku akasema.

"Hasa, mama. Ila mchele wa gunia zima, na mchanga wa ncha ya kidole kimoja."

Yasmini hakujua alichokianzisha. Tangu siku hiyo Chausiku alichagua mchele wa nyumbani kama anayetafuta pete. Punje ya mchanga ikimlia Jabiri menoni, mke huacha kula, macho yakamtoka, kana kwamba majibu ya hospitali yametoka pale mezani. Watu wakahamia ugali.

Asubuhi hiyo ya kikao aliinjika maji ya kuoga, akaenda kumwamsha mumewe. Mlango wa chumbani ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Baba Farhan! Maji tayari."

"Siendi."

"Huendi wapi?"

"Huko kote."

Chausiku akabandika sikio mlangoni. "Una nini, baba?"

Kisha sauti ikaja, ndogo, siyo ya mtu anayegombana na wateja. "Wakisema haiwezekani, nakufa. Wakisema inawezekana, nakatwa. Mie bora nisijue. Nenda wewe, Mama Farhan, wakwambie, halafu usinambie."

Alimbembeleza. Alimtajia Farhan, mtoto wao, anayeoa mwezi ujao na ambaye kanzu yake ya harusi bado iko kwenye cherehani, imekwama shingoni tangu baba mtu alipoacha kushona. Alimtajia Mwenyezi Mungu. Alimtajia chapati. Mlango ukakaa kimya kama mlango.

Hapo ndipo Chausiku alipokumbuka kosa lake. Jirani yao wa ukuta mmoja ni Felicitas, Mnyamwezi wa Tabora, muuza asali, na Jabiri ni Mzaramo. Makabila hayo ni watani tangu enzi za misafara ya bara na pwani, Wanyamwezi wakiwa wapagazi wa mizigo: mtani anakutukana mbele ya wakwe zako, akija msibani anavaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake, na kukasirika ni mwiko. Miaka yote Felicitas na Jabiri walitukanana kila asubuhi kabla ya chai. Lakini ugonjwa ulipoingia, Chausiku kwa woga wake akamwomba Felicitas anyamaze, amhurumie mgonjwa. Felicitas akatii. Akawa anakuja na kikombe cha asali, anasema "pole, kaka yangu," anaondoka. Na Jabiri akazidi kunyong'onyea. "Hata Mnyamwezi ananionea huruma," alisema siku moja. "Basi nimekwisha."

Chausiku akatoka mbio, khanga moja begani, akagonga kwa jirani.

"Felicitas! Lile katazo nimeliondoa. Amejifungia. Kamtanie."

Felicitas alikuwa anaosha chupa. Akaiweka chini pole pole. "Nimtanie kidogo, au nimtanie kabisa?"

"Kabisa, dada. Tunatakiwa hospitali."

"Afadhali! Mashavu yalianza kuniuma kwa kunyamaza."

Hakugonga. Aliingia sebuleni akilia kilio kikubwa cha msiba, mikono kichwani, hata paka akatoka dirishani. Akachukua koti la Jabiri kwenye msumari, akalivaa, akavaa na kofia yake, akaanza kutembea mbele ya mlango wa chumbani akiburuta mguu vile vile anavyoburuta Jabiri.

"Jamani marehemu! Alikuwa mtu mzuri, ila kanzu ya Idi hii ulikuwa unaipata Idi ijayo!"

Akaupiga mlango kofi.

"Kitanda ni changu. Redio yangu. Na mjane namchukua akanioshee chupa!"

"Mama Farhan," sauti ikatoka ndani, "nani kamfungulia huyo mpagazi?"

Chausiku akaziba mdomo kwa khanga. Tangu dripu ya kwanza hakuwa amemsikia Jabiri akimwita mtu mpagazi.

"Mpagazi ndiye anayekuzika!" Felicitas akajibu. "Nyie mji wote huu mliuza viwanja mkachezea ngoma za mwali. Hata hiyo damu yako, yule binti hawezi kuona kitu, chembe zote zimeenda ngomani!"

"Bora ngoma. Nyie mmekuja na mizigo kichwani, mpaka leo shingo fupi!"

"Fungua uniambie usoni."

"Sifungui."

Jua lilikuwa linapanda. Chausiku aliangalia saa ya ukutani, akaangalia fagio. Felicitas naye akageuka huku na huku akitafuta silaha, na macho yake yakatua kwenye cherehani. Akaketi. Akakanyaga pedali.

Sasa, Felicitas hajawahi kushona hata kifungo. Gurudumu likazunguka kinyume, uzi ukakatika, sindano ikalia kama panya aliyebanwa.

"Nani yuko kwenye mashine yangu?" Kitanda kikalia chumbani.

"Namalizia kanzu ya mtoto. Marehemu aliacha tundu kubwa hapa juu, naliziba."

"Tundu lipi?"

"Hili la juu. Ni pana, linapitisha baridi."

"Hiyo ni shingo!"

"Ilikuwa."

Cherehani ikalia tena, tarararara. Komeo likavutwa kwa nguvu, mlango ukafunguka mpaka ukagonga ukuta, na Jabiri akasimama pale, amekonda, ametoa macho, kidole kimeielekea cherehani.

"Toka! Toka kwenye mashine yangu, Mnyamwezi wee! Nikitoka huko hospitali nitaifumua mwenyewe, uzi kwa uzi, na wewe umeketi hapo unatazama!"

Felicitas aliinua mikono juu. Lakini Chausiku hakuwa akimtazama yeye, wala kanzu. Alikuwa anatazama miguu ya mumewe. Jabiri alikuwa amevaa viatu, na kamba amezifunga.