Safu ya Tatu Katika Daftari la Simu

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, simu tatu za mezani zinalia kwa pamoja. Mpokea simu wa redio anainua ya katikati, anaibana kwa bega na kufungua kalamu kwa meno. "Redio, karibu." Midomo yake inacheza: maneno ya mpigaji anayajua kabla hayajasemwa.

"Tunataka kipindi cha asubuhi kifutwe kwa kuwa kimetudhalilisha," anayarudia akichora kistari. "Neno kwa neno, tangu Jumatatu."

Chanzo ni mtangazaji aliyesema hewani kwamba madereva wa mabasi ya shule hupakia watoto kama magunia. Chama cha madereva kikagawa karatasi yenye namba ya redio na sentensi ya kusoma. Hadi jana jioni daftari lilikuwa na simu 187 kwenye safu ya "Kifutwe" na tisa kwenye "Kiendelee". Safu ni hizo mbili tu, ndivyo alivyozikuta miaka kumi na minne iliyopita. Leo saa kumi jioni meneja anachukua hesabu, na kwa hesabu hiyo kipindi kitabaki au kitaondoka.

"Watangazaji wanasema wanazibwa mdomo. Madereva wanasema nao wana mdomo," anasema. "Mimi nipo katikati na sikio langu." Anacheka, lakini chai yake imepoa bila kuguswa.

Kilichomkosesha raha ni simu ya jana. Msomaji alikwama kwenye "kimetudhalilisha", naye akaitambua sauti. Ni kaka yake, dereva wa basi la shule, aliyemlea baada ya baba yao kufariki.

"Kaka, ni mimi."

"Najua ni wewe, mdogo wangu. We andika tu."

"Kwani wewe unazidisha watoto?"

"Sijawahi! Ndiyo maana inaniuma. Samaki mmoja akioza, na mimi ninuke? Wazazi wananiangalia kama mwizi."

"Kwa hiyo kifutwe?"

"Kikifutwa nitajitetea wapi? Nataka na mimi niitwe, niseme."

Kistari chake kilikuwa tayari kwenye "Kifutwe", na sasa hakujua amwandike wapi. Ndipo alipoliona kosa lake: wote 187 aliwachorea kistari mara tu waliposema neno la kwanza, ili laini ziwe wazi. "Wengine niliwakata sentensi haijaisha," anasema. "Naona aibu, na ninaogopa."

Asubuhi hii ameomba siku mbili awapigie upya. Meneja amemjibu, "Hesabu ni hesabu, dada. Saa kumi."

Basi amechukua rula akachora safu ya tatu: "Anataka Kujibu". Kila mara simu zikipoa, anawapigia yeye, kwa namba zilizo daftarini. Hadi saa tisa amewapata 22. Wanane wameshikilia kifutwe. "Ni haki yao, nimewaacha pale pale." Kumi na wanne wamehamia safu mpya, kaka yake akiwamo.

"Natumaini meneja atasoma safu zote tatu," anasema. "Asiposoma, nitamsomea mwenyewe, hata kama ataninunia."

Simu inalia. Mzee mmoja anasoma karatasi yake hadi nukta, na safari hii hakatwi.

"Nimeandika, baba. Sasa weka karatasi chini uniambie. Wewe mwenyewe unasemaje?"

Saa ya ukutani inaonyesha saa kumi kasoro dakika nne. Kalamu iko juu ya daftari, naye anasubiri.