Gunia la Urea

Mwaka 2003, risasi zilipofunga njia za malisho kuzunguka Bunia, Léonie alimfungia ng'ombe wake uani. Alikuwa na huyo mmoja tu, Bihogo, na maziwa yake ndiyo yaliyomweka hai mjukuu wake, Chance, aliyefiwa na mama siku ya kuzaliwa.

Majani hayakuwapo. Daktari wa mifugo, kabla ya kukimbilia Beni, alimwachia nusu gunia la urea, ile mbolea nyeupe, na maelekezo makali: kidogo tu, inyunyizwe kwenye mabua makavu ya mahindi, yafunikwe turubai wiki tatu hadi yalainike. Isitiwe kamwe kwenye maji ya kunywa. Majirani walibana pua, wakasema mama huyu amehamishia choo uani. Waseme! Bihogo alikula, akakamulika.

Asubuhi moja wakaingia vijana wenye bunduki, wakiswaga ng'ombe kumi na wawili wa kuporwa, ndimi nje kwa kiu. Mkubwa wao, Josaphat, alikuwa mtoto wa wafugaji. Alipoona zile punje nyeupe, uso ukamng'aa. Chumvi ilikuwa imeadimika sokoni, na mfugaji gani asiyewapa ng'ombe maji ya chumvi kabla ya safari? Akamimina zote zilizobaki kwenye birika la maji la kunyweshea ng'ombe. Kisha akamfungua Bihogo, awe wa kumi na tatu.

Bihogo akanyoosha shingo. Léonie akasahau bunduki.

"Hapana! Haiko chumvi, mutoto yangu! Iko mbolea. Ngombe ikikunywa, inakufa!"

"Bongo! Unanidanganya," Josaphat akasema. "Juu ya nini unaiwekaka basi?"

"Ni ya kutia mu mabua, kidogo tu."

Josaphat alimtazama, akawatazama ng'ombe wake. Alikuwa na akili, mshenzi yule. Akawazuia wote kwa fimbo.

"Ya weye ikunywe ya kwanza. Tutaona."

Léonie aliishika kamba kwa mikono miwili. Wakamsukuma akaanguka. Bihogo, ambaye tangu jana hakuwa amenyweshwa, alikunywa kwa pupa.

Wakangoja. Haikupita nusu saa, Bihogo akaanza kutetemeka, povu likamtoka, tumbo likajaa. Léonie alikimbilia jikoni, akamnywesha chupa yake pekee ya siki kama alivyofundishwa na daktari. Haikutosha. Bihogo alianguka kwa ubavu, akarusha miguu, akatulia.

Josaphat alipindua birika kwa teke.

"Aksanti, mama," alisema, kwa heshima kabisa, akawaswaga ng'ombe wake wote kumi na wawili, wazima, kuelekea barabarani.

Ndani ya nyumba, Chance alikuwa ameamka, analilia maziwa.