Vidonge vya Wifi

Hedhi yangu ilikoma mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kuifuata kahawa hadi milangoni kwetu Litembo. Magoti yakaanza kuuma, vidole vikawa vinakakamaa asubuhi, na kuchimba ngoro, yale mashimo tunayolimia mahindi mteremkoni, kukanishinda. Nilidhani ni uzee.

Kisha wifi yangu, dada wa mume wangu, akapanda kutoka ziwani kuja kwenye ubatizo wa mjukuu wangu. Tulikuwa rika moja, na yeye alitangulia kukoma. Kanisani alipiga magoti akainuka bila kushika benchi. Mimi nilibaki nimekaa, namtazama mgongo wake ulivyonyooka, sala yenyewe imenitoka.

"Wifi, unatumia nini?" nilimwuliza jikoni.

"Mungu tu, wifi. Na usipa."

Usipa, dagaa wa ziwani, hata mimi nilikula. Siku ya kuondoka nilimsaidia kufunga mzigo, pakiti ya vidonge ikaanguka. Akaketi. Akaniambia ni vidonge vya homoni, vya kurudishia mwili kinachopungua hedhi ikikoma, na kwamba tangu aanze viungo havimuumi. Binti yake humnunulia Dar, ambako maduka ya dawa yalikuwa yamefunguliwa kila mtaa.

"Ukanificha mimi?"

"Hata mume wangu hajui. Akijua nimekoma, ataleta mwingine."

Sikumwonea huruma. Wiki ile nilikwenda hospitali kuomba vyangu. Daktari alinihoji, nikamwonyesha kovu la titi nililopasuliwa kansa zamani.

"Mama, vidonge hivyo havikufai," alisema. "Vinaweza kuirudisha kansa. Kwa mifupa, tembea sana, kunywa maziwa, kula samaki wadogo na miiba yake. Ya maumivu nitakupa."

Nilirudi nyumbani nalia. Kansa sikuiwaza. Niliwaza kwamba wifi amepewa, mimi nimenyimwa. Aliponitumia kikapu cha usipa, niliwamwagia kuku. Cha pili nilikula, kwa kuwa mume wangu alikuwa anaangalia.

Maumivu yalipungua, hayakuisha. Krismasi wifi alipokuja tukawa tunachambua maharage, nikamwambia wazi kuwa namwonea wivu, na habari ya kuku pia.

"Nami nakuonea," akasema. "Kaka yangu anajua umekoma, na bado anakungoja mle pamoja."

Kesho yake kanisani alipiga magoti vilevile, na moyo wangu ukachoma vilevile, ila safari hii nilimsogezea kitabu cha nyimbo.