Fundi Usikate na Taa za Mkunga

Baba yangu alikuwa fundi umeme wa magari, na mtaa mzima ulimwita Usikate. Jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Mtu yeyote akiinua koleo karibu na waya za gari, hata kama yuko ng'ambo ya barabara na gari lenyewe halituhusu, baba alipaza sauti: "Usikate!" Siku moja ilimtoka kwa mazoea tu alipomwona kinyozi jirani yetu ameinua mkasi. Mteja akaruka kutoka kitini na kwenda zake kichwa kimenyolewa upande mmoja. Kinyozi alituwekea kinyongo kwa muda mrefu.

Kilichomkera baba ni hivi. Watu walipenda kuongeza taa kwenye magari yao, zile kubwa za kufunga mbele, na mafundi wengi waliona kazi hiyo ni ya kumaliza kabla mteja hajamaliza soda yake. Wanachuna waya ya kiwandani, wanasokota yao juu yake, wanazungushia tepu, basi. Taa zinawaka, tena zinawaka sana, sikatai. Lakini subiri mvua. Maji yanaingia kwenye kile kiungo, waya inaoza taratibu, na siku usiyoitarajia gari zima linakuwa kipofu.

"Gari limezaliwa na mishipa yake," alisema baba. "Wewe ni nani uichane?"

Yeye alitafuta plagi zenye umbo lilelile la kiwandani kutoka kwenye magari yaliyokufa, akatengeneza kipande kifupi cha waya cha kukaa katikati ya plagi ya gari na balbu yake. Kipande hicho hakikunyonya umeme wa taa za gari; kilisikiliza tu kama zimewashwa. Habari hiyo ilikwenda kwenye rilei, na rilei, alivyonieleza nikiwa mdogo, ni mlinzi wa geti: anasikia honi ndogo, anafungua geti kubwa. Umeme wenyewe ulitoka kwenye betri kwa waya yake peke yake, na fyuzi yake karibu na betri. Kuingia ndani ya gari alipitia tundu la mpira lililokuwepo tayari, na kila kilichohitaji kushikwa alikibana kwa bolti iliyokuwepo tayari. Hakutoboa, hakuchuna, hakukata. Ukichoka na taa zako, unachomoa, unarudisha plagi mahali pake, na gari halijui kama liliwahi kuguswa.

Gereji yetu ilikuwa chumba kimoja chenye paa la bati na mlango mpana. Plagi zilining'inia ukutani kwenye misumari, kila umbo na msumari wake, na hewa ilinukia risasi ya kuchomelea na chai iliyosahauliwa juu ya jiko. Mimi ni kitinda mimba, na nyumbani hapakuwa na mtu mchana, kwa hiyo nikitoka shule nilipitia pale. Nilifanyia hesabu zangu kwenye kiti cha nyuma cha gari lisilo na magurudumu. Nikiinua macho namwona baba ameingiza kichwa chini ya dashibodi, miguu nje, anaimba wimbo ambao hakuujua maneno yake. Nikimcheka, ananijibu kutoka humo humo gizani: "Mtaka cha mvunguni sharti ainame!"

Mwaka niliokuwa darasa la nne nilipoteza sweta la shule. Lilikuwa la kijani, na mama alikuwa amelidarizia ua dogo jekundu kwenye mkono wa kulia, makusudi ili lisipotee. Likapotea. Niliapa kwamba nililiacha darasani. Mama hakunichapa, alifanya vibaya zaidi: alinivika sweta la kaka yangu, lililonifika magotini, mpaka muhula ukaisha. Shuleni waliniita Gunia. Usiku ule niliposemwa mezani, baba aliinamia sahani yake, akakohoa, kisha akausifu mchuzi ambao siku zote aliulalamikia.

Mwaka huohuo ndipo alipomfungia taa mkunga. Huyu mkunga alikuwa na gari dogo la rangi ya maziwa, na alikuwa akiitwa saa yoyote kwenda kuzalisha watu huko ambako barabara haina hata nguzo moja ya taa. Aliingia gerejini akasema, "Mficha uchi hazai, fundi. Sioni mbele. Juzi nusura nimgonge ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe alikuwa mweupe." Baba alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamfanyia kazi ambayo naikumbuka kuliko zote, kwa sababu mkunga alikuwa anangojewa na mzazi, mvua inanyesha, na bado baba hakukubali kukata njia.

Baba hayupo tena. Gereji nimerithi mimi, pamoja na misumari na plagi zake, na nimejikuta nina ukali wake: juzi nimemfukuza mtu aliyetaka nimchunie waya "kidogo tu." Lakini magari aliyoyafungia taa yeye yalikwisha moja baada ya jingine. Mengine yaliuzwa mbali, mengine yakapondwa yakawa chuma chakavu. Likabaki la mkunga. Kila akipita mbele ya gereji aliziwasha zile taa mara moja na kuzima, nami niliinua bisibisi kumjibu. Sitaficha: siku asipopita, siku ilikuwa na upungufu.

Kisha asubuhi moja hakupita, aliingia.

"Mwanangu," aliniambia, akishuka polepole kwa kupapasa mlango, "nimezalisha watoto wa mji mzima, na sasa nimepata wangu, mtoto wa jicho. Baada ya leo siendeshi tena."

Alikuwa amempata mtu wa kulichukua gari, mzee mmoja anayetunza magari ya zamani ndani ya banda na kuyapangusa kila siku. Mzee alikuwa na sharti moja: gari liwe kama lilivyotoka kiwandani, lisiwe na hata tundu moja la ziada. Angekuja kulikagua alasiri. Asipoliridhia, aliyebaki kwenye foleni ni mnunuzi wa chuma chakavu.

"Nataka uziondoe taa," alisema mkunga.

"Mama, hii ndiyo kazi ya baba ya mwisho inayotembea."

"Najua. Ndiyo maana nimekuletea wewe."

Nikafungua boneti. Nilichomoa kipande cha baba, nikarudisha plagi ya kiwandani kwenye balbu yake, ikaitika kwa mlio mdogo, na taa za gari zikawaka kana kwamba hakuna kilichotokea miaka yote hiyo. Nilivuta waya zake, zikatoka zote kwa mkupuo, zimefungwa kwa uzi wa nta kila baada ya shubiri moja. Nilitafuta alama. Nilipitisha tochi, nikapitisha kidole. Hapakuwa na mkwaruzo. Na hapo, badala ya kuona fahari, nilimkasirikia. Wakata waya wote wa mji huu wameacha makovu yao kwenye magari, ukiyaona unawataja kwa majina. Yeye aliyeijua kazi hakuacha kitu. Nilihisi kama nimemzika mara ya pili, na safari hii kwa mikono yangu.

Ikabaki swichi. Baba aliiweka kwenye dashibodi, mahali ambapo kiwanda kiliacha nafasi na kuiziba kwa kifuniko kidogo cha plastiki. Nilipoichomoa likabaki pengo, kama jino lililong'oka mbele ya mdomo. Kifuniko kilikuwa wapi? Nilimwaga makopo yote ya gereji sakafuni. Nilipigia simu maduka ya vipuri, wakanicheka. Gari hilo lilishaacha kutengenezwa. Mkunga alikaa kwenye kile kiti changu cha hesabu, mikono juu ya mkoba. Alasiri ilikuwa inakaribia.

Ndipo nikakumbuka neno jingine la baba. Alikuwa akisema kitu cha gari hulala ndani ya gari, kwa sababu hujui fundi atakayekuja baada yako ni nani. Nikalala chali, nikaingiza kichwa chini ya dashibodi. Nilipapasa nyuma ya usukani, kwenye kona ambayo mkono hauingii mpaka uukunje, na vidole vikagusa kitu laini. Kilikuwa kimefungwa kwa uzi wa nta. Sikuukata, nililifungua fundo.

Kilikuwa kitambaa cha sufu, cha kijani. Nilipokileta kwenye mwanga niliona ua jekundu.

Ulikuwa mkono wa sweta langu. Ndani yake kifuniko kilikuwa kimelala, safi, hakina hata vumbi. Nilielewa palepale. Baba alichukia gari linalogongagonga, alitaka kitu laini cha kukizungushia, mkunga alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa nimeliacha sweta pale kitini. Usikate akashika mkasi, akakata.

Nilicheka humo humo chini ya dashibodi, kisha kicheko kikageuka na machozi yakaniingia masikioni.

"Kuna nini, mwanangu?" aliuliza mkunga.

"Baba alikata!"

"Alikata waya?" Alishtuka kweli.

"Alikata sweta langu!"

Mzee wa magari ya zamani alikuja na tochi yake na miwani miwili. Alipapasa dashibodi, akachungulia nyuma ya kila taa, akarudia. Mwishoni alisema gari hili halijawahi kuguswa na fundi yeyote, na mkunga akanikanyaga mguu nisijibu. Walipoondoka hakukuwa na taa za kuniwashia, lakini niliinua bisibisi vilevile.

Kisha nikampigia mama, kile kipande kimo kiganjani mwangu. Siku hizi kinaingia vidole vitatu tu.

"Mama, sweta limepatikana."

"Sweta gani?"

"La kijani. Lenye ua. Baba ndiye aliyelikata, akafungia kifuniko cha gari la mkunga."

Nilimsikia akivuta kiti, akikaa.

"Nami nikakuvika gunia muhula mzima," alisema. "Na yeye amekaa hapo anasifu mchuzi! Hebu mwambie aje nyumbani sasa hivi ajieleze."

"Sawa, mama," nikasema. "Nitamwambia."